Mmoja Ana Hekalu, Mwingine Ana Kesi

Rajrappa, katika jimbo la Jharkhand mashariki mwa India, mahali mto Bhairavi unapoingia katika mto Damodar, lipo hekalu la mungu wa kike aitwaye Chhinnamasta. Picha zake hazimfai mwenye moyo mwepesi. Amesimama uchi, amejikata kichwa mwenyewe, amekishika mkononi. Damu inaruka shingoni kwa michirizi mitatu: miwili inanywewa na wafuasi wake wawili wa kike, wa tatu unaingia katika kinywa cha kichwa hichohicho alichokikata. Chini ya nyayo zake wamelala mume na mke katika tendo la ndoa. Waumini humpelekea mbuzi, hasa Jumanne na Jumamosi, na serikali ya jimbo inapatangaza mahali hapo kwa watalii.

Huku kwetu magharibi mwa Kagera hakuna hekalu la namna hiyo. Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi, Biharamulo ni ya Warusubi na Wazinza, pamoja na Wasukuma walioingia na mifugo yao. Kilichokuwapo, na pengine bado kipo nyuma ya migomba, ni kijumba cha nyasi kisichofika kiunoni, mti wa maua mekundu uliopandwa kwa nia, na majina yanayotamkwa kwa sauti ya chini: Kiranga, Ryangombe, Wamara, Mugasha. Kaskazini zaidi, kutoka Karagwe hadi Ndorwa na Kigezi ya Uganda, lipo jina la kike lililowatisha hata wakoloni: Nyabingi.

Swali langu ni moja. Kwa nini mungu mkali wa kwao ni dini, na wa kwetu ni ushirikina? Nimewakalisha barazani wasemaji watano wa kubuni. Majina hawana, ila hoja zao msomaji wa Ngara atazitambua, maana ndizo zinazorushwa msibani, kilabuni na kwenye basi la Kahama.

Mwalimu: Nianze na Nyabingi, Mzee Katekista akiniruhusu. Simulizi zinamtaja kama mwanamke mwenye enzi aliyeuawa, akarudi kama mzimu wa kudai haki yake. Waliomtumikia waliitwa bagirwa, wanaume kwa wanawake. Ukimdharau anafunga uzazi na kukausha maziwa, ukimheshimu anafungua. Mwanzoni mwa karne iliyopita akatokea Muhumuza, aliyejulikana kama mjane wa mfalme Kigeli Rwabugiri wa Rwanda, yule aliyefariki 1895. Akakusanya watu kwa jina la Nyabingi. Wajerumani wakamkamata, wakamweka kizuizini Bukoba. Bukoba yetu hii! Mwaka 1911 akawa amerudi mpakani, akaingia Kigezi na kutangaza kwamba Wazungu watafukuzwa. Waingereza wakamshika Septemba mwaka huohuo, akaishia Kampala hadi alipokufa 1945. Na 1912 Uganda ikatungiwa sheria ya uchawi. Chhinnamasta alijengewa hekalu, Nyabingi akatungiwa sheria.

Katekista: Tumsifu Yesu Kristu. Mwalimu, unasimulia kana kwamba mama yule alikamatwa akisali rozari. Alikuwa na wapiganaji. Aliwashambulia wakuu waliokataa kumfuata. Na hao bagirwa unaowataja kwa upole walidai ng'ombe, wakadai hata mabinti wa watu, na mkulima akatoa kwa sababu ya hofu. Mimi sibishi kwamba mkoloni aliogopa jeshi lake kuliko mzimu wake. Nabisha kwamba hofu ile tuiite ibada.

Mwalimu: Hofu haimo Rajrappa?

Katekista: Imo. Ndiyo maana sijaisifu Rajrappa.

Mfanyabiashara: Ndugu zangu, mimi ni Mhindu, nimezaliwa Mwanza, wazee wangu walitoka Gujarati. Hekaluni kwetu hata yai haliingii, sembuse mbuzi. Msitutwishe damu ya Rajrappa. Sisi wa Afrika Mashariki, wengi wetu tunamjua mungu mama kama Amba. Tunacheza garba usiku tisa wa Navratri, tunagawa peremende. Ungemwambia bibi yangu habari za mungu aliyejikata kichwa, angeziba masikio.

Mwalimu: Lakini ni mungu wenu.

Mfanyabiashara: Ni mmoja wa wale kumi wanaoitwa Mahavidya, wa njia ya tantra, ndiyo. Lakini tantra ni njia ya ndani, ya mwalimu na mwanafunzi wake, na wengi wetu tunaiogopa kama mnavyoogopa ninyi mizimu. Gandhi alipofika hekalu la Kali kule Kalkuta, mwanzoni mwa miaka ya 1900, akaona kondoo wakipelekwa kuchinjwa na damu imetapakaa, alichukizwa sana, akayaandika. Kwa hiyo ugomvi wenu huu na sisi tunao. Mwaka 2014 mahakama kuu ya jimbo la Himachal Pradesh ilipiga marufuku kuchinja wanyama kwa ajili ya ibada hekaluni. Mwaka 2019 mahakama ya Tripura nayo ikasema hivyo, halafu Mahakama ya Juu ya India ikaisimamisha amri hiyo. Mabishano hayajaisha. Lakini sikilizeni: hakuna jaji aliyesema mungu yule si mungu. Kisu ndicho kilichoshitakiwa.

Hapo nawakatiza kidogo, maana bwana huyu amegusa jambo ambalo wenzake watalipita haraka. Tantra na kubandwa, yaani ibada ya kupandwa na mizimu ya kina Kiranga na Ryangombe, havikurithiana. Njia moja ina maandiko ya Kisanskriti ya karne nyingi, nyingine ina nyimbo na kiapo. Lakini vinafanana mahali pazito. Njia zote mbili huchukua kile ambacho maadili ya kila siku yanakiita najisi na kukifanya mlango. Mfuasi wa tantra wa mkono wa kushoto hutumia pombe na nyama, na hutafakari kwenye uwanja wa kuchomea maiti. Mwari wa kubandwa, kule Burundi na Rwanda na kwa Wahangaza wanaoshiriki nao utamaduni, huvuliwa heshima yake kwanza. Hutukanwa. Hutishwa. Hupakwa chokaa nyeupe, hupewa jina jipya, hufundishwa maneno ya aibu ambayo siku nyingine yangemletea kipigo, kisha huapishwa asiseme alichokiona. Akitoka hapo ni mtoto wa Kiranga, na mkubwa wa ukoo akiwa mwari mwenzake wanakuwa sawa. Mwanafunzi wa tantra na mwari wa Kiranga wangeelewana kwa ishara tu. Tusisingizie basi kwamba njia moja ni falsafa na nyingine ni fujo za ulevi.

Mama, mjane mkulima kutoka Biharamulo, alikuwa kimya akimenya karanga. Nampisha.

Mama: Mnabishana habari za damu. Mbona hakuna anayeuliza habari za kiti? Zamani mwanamke mbele ya mtemi hakuwa na kiti. Mbele ya mumewe alipiga magoti kutoa uji. Lakini akipandwa na mzimu, anakaa kwenye kigoda, anashika mkuki, na mume huyohuyo anampigia magoti akimwita Bwana. Mmeona wapi jambo hilo tena? Kanisani? Serikali ya kijiji imeanza juzi juzi kuwapa viti, na viti hivyo ni maalumu, vya kuhesabu.

Mwalimu: Mama amesema kwa mdomo yaliyoandikwa vitabuni. Mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu dini na upinzani katika falme za ukanda huu, alionyesha jinsi kubandwa kulivyowapa wanawake nafasi ambazo siasa iliwanyima. Na kwa mfalme wa Burundi alikuwapo mwanamke aliyeitwa Mukakiranga, mke wa Kiranga, mwenye cheo cha ibada. Tusisahau kwamba Bugufi, hii Ngara ya magharibi, ilikuwa nchi ya mwami wa Burundi kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana. Hata 1948 mwami Mwambutsa aliuomba Umoja wa Mataifa arudishiwe Bugufi yake.

Katekista: Na mwanamke huyo mzimu ukishatoka, anarudi kupiga magoti. Mama, niambie kama nasema uongo.

Mama: Husemi uongo, baba. Lakini mume anakumbuka.

Katekista: Sawa. Basi niseme linaloniuma. Ninyi mnazungumza habari za 1911. Mimi nazungumza habari za jana. Mwaka 2024, Muleba, jirani zetu hapa, mtoto mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake, mwili ukaokotwa umekatwa viungo. Vikongwe wamekatwa mapanga Usukuma na Geita kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni! Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Haikuwa kwa chuki ya utamaduni. Ukimfungulia mlango mungu anayetaka damu, nani atasimama mlangoni kuhesabu ni damu ya nani?

Barazani panakuwa kimya. Hoja hii haijibiwi kwa tabasamu, na anayeijibu kwa kusema "utamaduni wetu" tu hastahili kusikilizwa.

Mama: Kiranga hakuwahi kutaka kiungo cha mtu. Anataka pombe ya ndizi, mtama, mbuzi kwa mwenye uwezo. Na mbuzi huyo analiwa na wote waliopo. Hao wanaotafuta viungo wanatafuta dhahabu, samaki na kura. Wengi wanakuja na magari. Mimi kwenye kijumba cha marehemu mama mkwe wangu sijaona gari.

Wakili: Mama ametofautisha vizuri kuliko sheria yetu. Sheria ya Uchawi ni ya 1928, ya Mwingereza, na mpaka leo imo kwenye vitabu, Sura ya 18. Maana yake ya uchawi ni pana mno: inajumuisha mpaka mtu anayedai kuwa na nguvu au maarifa ya siri. Kwa maana hiyo anayeua, anayepiga ramli ya kuchonganisha, na bibi anayemwagia pombe mzizi wa mti, wote wanaweza kuangukia neno hilohilo. Na inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mshukiwa ahamie mahali pengine. Upande wa pili tunayo Katiba, Ibara ya 19, inayosema ibada ni huru na ni hiari ya mtu. Ibada ipi? Kanisa na msikiti vina jumuiya iliyosajiliwa, katibu na muhuri. Kijumba cha nyasi hakina katibu. Tunayo pia Sheria ya Tiba Asili ya 2002, inayomsajili mganga. Lakini mtu wa Kiranga akiabudu tu, bila kutibu mtu wala kumdhuru, haingii kwenye fomu yoyote ya nchi hii.

Mwalimu: Na Sheria ya Mambo ya Kale?

Wakili: Ya 1964. Hiyo ndiyo inayochekesha. Inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Baada ya hapo mpaka waziri atangaze. Sasa kijumba cha nyasi hujengwa upya kila kinapooza. Hata kama mahali pale pameombewa tangu wasafiri wa Kizungu Speke na Grant wapite hapa Usui mwaka 1861, wakizuiwa na kudaiwa hongo na mtawala wake Suwarora, kijumba chenyewe kina misimu miwili ya mvua. Boma la Mjerumani pale Biharamulo, la mawe, linaonyeshwa kwa wageni. Hata kwangu mimi hilo ni boma la aliyetutawala, nami nasema lilindwe. Lakini angalieni tumechagua nini cha kulinda.

Katekista: Unataka tulinde nyasi?

Wakili: Nataka tulinde mahali. Kenya wamefanya hivyo. Misitu ya kaya ya Wamijikenda iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na wazee bado wanasali humo.

Mwalimu: Na hapa mkoani pana Katuruka, karibu na Maruku. Palikuwa na mti mtakatifu, Kaiija, unaohusishwa na mfalme Rugomora Mahe na mizimu ya kina Wamara. Wazee walisema chini yake palifuliwa chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba miaka ya 1970, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya karibu miaka elfu mbili. Fikirini: mzimu umehifadhi kumbukumbu ambayo shule ingekwisha kuipoteza!

Mfanyabiashara: Na mkishalinda mtapiga zege, mtaweka kibao na tiketi. Nimeona mahekalu. Fedha zikiingia, kuhani wa zamani anatolewa, anaingia kamati.

Amesema kweli kuliko anavyojua. Kule Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoorodheshwa na UNESCO 2006, lipo pango la Mungomi wa Kolo ambako wenyeji bado wanatambika. Hutemea na kunyunyiza pombe ya nafaka miambani. Wahifadhi wanalalamika kwamba pombe inaharibu michoro. Wenyeji wanajibu kwamba mwamba usiotambikiwa ni mwamba tu. Sioni serikali ikiumaliza mgogoro huo kwa kibao, maana kila upande unalinda kitu tofauti mahali palepale.

Katekista: Nami nina neno kwa upande wangu, msidhani nimefunga masikio. Ngoma zilikatazwa kanisani, leo ziko mbele ya altare. Umuganuro wa Burundi, sikukuu ya mtama, ulikoma mwaka 1929 kwa shinikizo la mapadri, na leo Warundi wanausherehekea tena bila mtu kupoteza ubatizo. Huenda tulikata miti mingine kwa haraka. Lakini mwanafunzi wangu wa katekisimu akiniuliza kama akiumwa aende kijumbani, nitamwambia aende hospitali ya Murgwanza, kisha asali. Hilo silibadilishi.

Mama: Hata mimi nilijifungulia hospitali, baba.

Mwalimu: Basi tunakubaliana?

Katekista: Hatukubaliani. Ninyi mnasema ni mungu. Mimi nasema ni historia.

Wakili: Sheria haihitaji kuchagua kati yenu. Inahitaji kujua nani amemgusa mtu mwingine na nani hakumgusa.

Hapo naacha kuwasemesha, nitoe hukumu yangu. Mwalimu ananifurahisha lakini ananitia wasiwasi, kwa sababu anampenda Muhumuza akiwa shujaa na kuwasahau waliotozwa mabinti. Nyabingi amesafiri hadi Jamaika, ambako Warasta walilichukua jina lake baada ya makala ya gazeti la huko la 1935 na wakaliweka kwenye ngoma zao. Na huko nako anasifiwa na watu wasiowahi kumlipa ng'ombe. Katekista ana hoja nzito kuliko zote, ila ameiegemeza kwa mtu asiye na hatia: biashara ya viungo ina wateja wa tamaa, na wengi wao wana dini kwenye fomu. Nampa ushindi Wakili, akisindikizwa na Mama. Ukali wa mungu si kosa la jinai. Wahindu hawakumlainisha Chhinnamasta ili apate hekalu. Waligombana wao kwa wao, na bado wanagombana, kuhusu kinachofanywa kwa kisu. Sisi tuliruka hatua hiyo. Tulipokea sheria ya 1928 iliyomtia muuaji, tapeli na mtambikaji katika gunia moja, tukaiendeleza kwa miaka zaidi ya sitini ya uhuru bila kuifungua.

Kwa hiyo sitaki hekalu Ngara. Sitaki zege wala tiketi. Mambo mawili tu yanatosha. La kwanza ni la Bunge: maana ya uchawi katika Sura ya 18 iandikwe upya, imshike anayetishia, anayechonganisha na anayedhuru, imwache anayemwaga pombe kwenye mzizi wa mti wake mwenyewe.

La pili ni la haraka zaidi: orodha ya mahali pa kutambikia. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja. Kambi ya Benaco ikawa mji, kuni zikatafutwa kila kilima, misitu ikaisha. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani ya mipaka yake raia haingii kama anavyotaka. Miti mingapi ya watemi, vilima vingapi vya kutambikia vilipotea katika matukio hayo mawili? Haijibiki, kwa kuwa hapakuwa na orodha.

Maafisa utamaduni wa Ngara na Biharamulo, chukueni daftari. Andikeni jina la mahali, jina la mti, kijiji, na jina la mzimu unaotajwa. Msiulize yanayofanywa ndani. Waliokula kiapo cha kutosema wana haki ya kunyamaza nacho. Mwende na mzee mmoja na bibi mmoja, na bibi ndiye aulizwe kwanza. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine iende Idara ya Mambo ya Kale. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala semina. Inahitaji pikipiki, mafuta, na watu ambao wengi wao wameshapita miaka themanini.